Cheti hakijawahi kuonja kiazi

Nanenane ya safari hii walinijia watu saba. Niliwahesabu. Kila mmoja anaokota kiazi kitamu mezani kwangu, anasoma kibao kwamba aina hii ina hakimiliki, halafu: "Kumbe serikali imeshathibitisha ni bora!" Wa saba alikuwa afisa ugani. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Serikali haijathibitisha kitu cha namna hiyo. Hakimiliki hiyo, yaani haki ya mgunduzi (neno la sheria hilo, kiazi changu nilikizalisha, sikukiokota chini ya jiwe), inauliza kama aina ni mpya, ni tofauti na nyingine, inalingana (mimea yake yote inafanana), ni thabiti (haibadiliki kizazi hadi kizazi), na ina jina linalokubalika. Basi. Hata huo upya ni wa kibiashara tu: isiwe imeuzwa nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi. Mavuno, utamu, kuhimili virusi, hayo yana majaribio yake, yale ya kuidhinisha aina iende kwa wakulima. Unaweza kabisa kupata haki ya miaka 20 kwa kiazi kibovu. Mimi ninayo. Rando (shina lake linalotambaa) la zambarau, ncha yenye manyoya, kwenye DUS, yaani majaribio ya utofauti, ulinganifu na uthabiti, kilipita bila jasho. Akina mama wakakichemsha, wakasema kina maji. Siku hizi marando yake wanakula mbuzi.

Uzalishaji wenyewe wa aina mpya niupitie mbio. Ua hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshanyauka, kwa hiyo unalifunga jioni na kulichavusha asubuhi. Likikubali, unapata mbegu moja hadi nne. Kromosomu ni 90, seti sita, ndiyo maana ndugu wa tunda moja hawafanani hata kidogo. Unaanza na maelfu, unabaki na wawili watatu. Na hapana, siyo GMO, mmea uliobadilishwa vinasaba maabara. Ni kazi ya nyuki, ila nyuki ana mkono mwepesi kuliko mimi.

Linalonikera zaidi ni hilo neno "tofauti". Watu wanasikia tofauti yenye faida. Kwenye DUS, umbo la jani linatosha, mradi tofauti iwe wazi na ijirudie, tena dhidi ya kila aina inayojulikana, siyo ile moja tu unayotaka kuishinda. Sasa hilo jani unalisoma wapi? Mmea mmoja unaweza kubeba jani la moyo na jani la vidole. Tunasoma siku ya 90 tangu kupanda, majani ya katikati ya rando kuu, siyo ya nchani wala ya shinani. Ukituma kijana asiyejua akachuma popote, umesajili uvivu wake.

Halafu waje nzi weupe na vidukari, kila mmoja na kirusi chake. Virusi hivyo viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, jani linasinyaa, linapinda, linapauka, na wewe unapima ugonjwa ukidhani unapima aina. Msimu wa pili niliona tuta moja limegeuka sura, nikaamini kiazi changu si thabiti. Siku tatu sikula vizuri. Kumbe virusi.

Ulinganifu nao unaonekana mchezo, maana marando yote yametoka kwa mama mmoja. Lakini kiazi kitamu hubadilika chenyewe. Unachimba tuta la viazi vyekundu, kimoja kinatoka na ngozi nyeupe. Ni mabadiliko ya asili, au kibarua alichanganya marando? Kwa macho tu, mimi siwezi kukuambia.

Fomu inataka utaje aina inayofanana zaidi na yako. Nilijaza, nikasaini. Ila Kanda ya Ziwa kiazi kimoja kina majina matano, na jina moja linabeba viazi vitano, na vingine havijawahi kufika kwenye mkusanyo wowote wa aina zinazohifadhiwa. Mwezi Juni, mnadani Sengerema, nilikuta fungu la viazi vyenye ngozi ileile ya hiki ninachokiombea haki sasa. Nikamuuliza mama muuzaji majani yake yakoje. Akanyoosha kiganja, akatanua vidole, akaongeza viwili vya mkono wa pili. Mbegu ya bibi yake, akasema. Changu kina vidole saba.

Nililinunua fungu zima, nikalizika kitaluni. Limechipua. Majani ya kwanza yana vidole vitano, lakini ni machanga. Siku ya 90 bado.