Kikao Kikifungwa, Maneno Ndiyo Yanaanza

Ukitaka kujua taasisi inaendeshwaje, muhtasari wa kikao hautakusaidia sana. Subiri kikao kifungwe, kisha fuata watu wanakokwenda. Hapa Tabora watakwenda kwa mama ntilie au chini ya mwembe, na huko ndiko utakakosikia kwamba mashine ya kudurufu imekufa muda mrefu na anayeandika ripoti anaandika kuwa inafanya kazi, kwamba dereva anajaza mafuta kwa fedha yake, kwamba mkopo ule wa chama haulipiki. Muda mfupi kabla, mwenyekiti alipouliza "Kuna mwenye swali?", wote walikuwa wakiangalia meza.

Kazi yangu ni kufundisha na kushauri viongozi kuhusu usimamizi na tabia za watu kazini. Lalamiko linalonifikia kuliko yote ni hili: "Mwalimu, watu wangu hawasemi." Na maelezo huja hapo hapo: ni waoga, shule ndogo, au Mnyamwezi ni mpole kwa asili. Siyakubali. Mfanyakazi anayenyamaza kikaoni ameshapiga hesabu, na mara nyingi hesabu yake iko sahihi. Akisema, faida itakwenda kwa taasisi nzima, tena baadaye, tena kama itakuja. Hasara itamwangukia yeye, leo, mbele ya wenzake. Mtu yeyote mwenye akili timamu na watoto wanaosoma angenyamaza.

Nitaeleza kisa cha chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku mkoani humu. Mtunza ghala aliona doa la maji kwenye ukuta wa nyuma tangu masika hayajakolea. Akamweleza katibu. Katibu akamjibu mbele ya vibarua, "Wewe ni mtunza ghala au fundi bati?" Vibarua wakacheka. Tangu siku hiyo yule bwana alifanya alichoweza kwa mikono yake: akasogeza mizigo mbali na ukuta, akatandika turubai, akanyamaza. Msimu wa soko ukafika, wakulima wakaleta marobota yao kusubiri uteuzi, yaani kupangiwa madaraja, ghala likajaa mpaka mlangoni na nafasi ya kusogeza ikaisha. Mvua za mwisho za Aprili zikanyesha. Marobota ya nyuma yakaota ukungu. Mteuzi alipofika akayashusha daraja, mengine akayakataa kabisa, na wenye marobota hayo walikuwa bado wanadaiwa mkopo wa pembejeo. Mkutano ukaitishwa kumtafuta mwenye kosa. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la mtunza ghala.

Nilipozungumza naye hakuwa na hasira. Alinijibu kwa maneno manne tu: "Mwalimu, mimi nilishawahi kusema."

Nataka tulitazame lile jibu la katibu kwa karibu, kwa sababu ndilo lililoharibu tumbaku ya watu. Kwake lilikuwa sentensi moja ya mtu aliyechoka. Kwa mtunza ghala lilikuwa fedheha. Lakini waliojifunza zaidi ni vibarua waliokuwa wamesimama pembeni. Kila mmoja aliondoka na sheria ambayo haijaandikwa kwenye katiba ya chama: hapa habari mbaya humrudia aliyeileta. Hakuna aliyehitaji kutishwa tena. Katibu angeweza kuwa mkarimu mwaka mzima uliofuata na bado sheria ile ingeendelea kufanya kazi, kwa kuwa kila kibarua mpya angesimuliwa kisa kile kabla hajamaliza wiki.

Wataalamu wameliona jambo hili kwa muda mrefu. Kati ya 1924 na 1932 kulifanyika uchunguzi mkubwa katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, Cicero, karibu na Chicago nchini Marekani. Wengi wanaukumbuka kwa sehemu yake ya taa, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga ili kuona kama kazi itaongezeka. Mimi huwafundisha watu sehemu ya mwisho, ya 1931 na 1932, ambapo wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu waliwekwa kwenye chumba kimoja na kutazamwa tu. Kampuni ilikuwa na mfumo wa malipo uliotakiwa kumvuta kila mmoja afanye kazi zaidi. Wao walikuwa na makubaliano yao: usizidishe kazi, maana utawaumiza wenzako, usipunguze mno, maana utawabebesha mzigo, na usimpelekee msimamizi neno litakalomdhuru mwenzako. Aliyekiuka alitaniwa, akabandikwa jina baya, hata kupigwa ngumi ya bega. Msimamizi wao wa karibu alijua, naye akanyamaza.

Mtu akisoma habari hiyo haraka atasema wale walikuwa wavivu. Walikuwa wakijilinda. Waliamini kwamba wakionyesha uwezo wao wote, kiwango kitapandishwa au wengine wataachishwa kazi, na huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kwa hiyo ukimya una pande mbili: hofu ya mkubwa, na uaminifu kwa wenzako. Kiongozi anayeshughulikia upande mmoja tu, kwa mfano anayejenga mtandao wa watu wa kumnong'oneza, anauongezea nguvu upande wa pili. Wanaonong'ona watajulikana ndani ya wiki, na kuanzia hapo hata mazungumzo ya chini ya mwembe yatahamia mahali pengine.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa mtafiti Amy Edmondson, wa miaka ya 1990, katika hospitali za Marekani. Alitarajia kwamba timu za wauguzi zinazofanya kazi vizuri pamoja zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Alipochunguza akaona sababu. Katika timu hizo watu walikuwa huru kusema "nimekosea kipimo", kosa likaandikwa na kurekebishwa. Kwenye timu zenye hofu makosa yalikuwepo, ila yalifichwa. Ukiwa mganga mkuu au meneja, zingatia maana yake: daftari safi lisilo na tukio hata moja mwezi mzima linastahili kukutia wasiwasi kuliko kukufurahisha.

Watu huniuliza kuhusu utamaduni. Kuna Mholanzi, Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi, akaupa utamaduni wa kila nchi alama, na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Katika orodha zake za baadaye Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zimewekwa fungu moja, "Afrika Mashariki". Kwangu hilo linatosha kutoitegemea alama ya fungu hilo kueleza ofisi ya Nzega au Kasulu.

Utamaduni ninaoujua mimi una shikamoo, na pia una utani. Misafara ya biashara ilipokuwa ikitembea kati ya Unyanyembe, yaani hapa Tabora, na pwani, Wanyamwezi na Wazaramo walijenga utani ambao mpaka leo unamruhusu mtu kumwambia mwenzake, hata aliye mkubwa wake kwa umri na cheo, neno ambalo angelisema mwingine lingekuwa matusi. Nimekaa kwenye ofisi ambapo mhasibu mkuu alikuwa Mnyamwezi na mpokezi alikuwa binti wa Kizaramo, na yule binti ndiye pekee aliyeweza kumwambia, "Mtani, mbona malipo ya vibarua umeyakalia kama kuku na mayai?" Wote wakacheka, na malipo yakatoka. Wazee wetu walijua kwamba mkubwa anahitaji kuambiwa, wakatengeneza njia inayomlinda msemaji. Kwa hiyo anayeniambia kuwa sisi kwa asili hatuwasemi wakubwa, namwomba ahudhurie msiba mmoja wenye watani.

Ila utani una mipaka yake. Unafaa kwa ucheleweshaji na ubahili, haufai kwa hesabu zilizopikwa. Tena hutegemea bahati ya kuwa na mtani mahali pa kazi, na wapo wakubwa wanaoutumia kama kisingizio cha kuwadhalilisha wadogo, hasa wasichana. Taasisi inahitaji njia isiyotegemea kabila la mpokezi.

Nchi hii ilishajaribu kuijenga njia hiyo. Waraka wa Rais namba 1 wa 1970 uliagiza kuanzishwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, na kifungu chake cha 15 kikamkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakakichukua kwa uzito kuliko wengi walivyotegemea. Katika miaka iliyofuata kulikuwa na migomo viwandani ambayo mara nyingi chanzo chake kilikuwa lugha na vitendo vya meneja, na kuna mahali mameneja walifungiwa nje ya geti. Mimi naisoma historia hiyo kama ushahidi kwamba dharau ni jambo zito la kazi, na mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo muda mrefu kuliko anavyovumilia kudharauliwa mbele ya wenzake.

Mabaraza bado yapo. Tatizo ni kwamba anayekaa mbele kuongoza kikao ndiye pia anayeshika kalamu ya tathmini yako. Mfumo wa OPRAS, wa kupima utendaji wa watumishi, ulioingia katika utumishi wa umma mwaka 2004 ulitaka mtumishi na msimamizi wakae pamoja wakubaliane malengo; sasa tuna PEPMIS, ya kielektroniki. Mifumo hii ina faida zake na siipingi. Lakini mtumishi akijua kwamba alama zake ziko mkononi mwa mtu yule yule anayetakiwa kumpelekea habari mbaya, ile hesabu niliyoitaja mwanzoni inarudi pale pale.

Na wasiosema hawabaki wote. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alieleza jinsi reli ya Nigeria ilivyoendelea kuzorota ingawa malori yalikuwa yakiipokonya wateja. Waliohama kwanza ni wale waliokuwa wakijali ubora na ambao wangepiga kelele. Walipoondoka, kelele ziliisha na wasimamizi wakapata utulivu wa kuendelea kuharibu. Sisi wa mji uliokuzwa na reli, iliyofika hapa 1912 na Kigoma 1914, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ofisini ni vivyo hivyo. Muuguzi hodari huomba uhamisho, mhasibu makini hupata kazi kwingine, na kiongozi hubaki na waliobobea katika kunyamaza, kisha anasema watu wake hawasemi.

Ninachowaambia viongozi ni kidogo na kinawachosha, kwa sababu kinahitaji kurudiwa. Acha kuuliza "Kuna mwenye swali?" mwishoni, watu wakiwa wanawaza daladala. Uliza mapema, na uliza kitu kimoja: "Wiki hii ni kitu gani kwenye kitengo chako kimekupa wasiwasi?" Anza na mdogo kwa cheo, wewe uwe wa mwisho; ukitoa maoni yako kwanza umeshafunga mjadala. Akija mtu na habari mbaya, mshukuru kabla ya kubishana naye, hata kama amekosea nusu ya maelezo, na kama lazima umkosoe, msubiri mkiwa wawili.

Kilicho kigumu zaidi ni marejesho, yaani kuwarudishia watu majibu ya walichosema. Watu hawanyamazi kwa hofu tu. Wengi hunyamaza kwa sababu walisema mara ya kwanza na hawakusikia chochote tena. Kila kikao kifunguliwe kwa kusoma yaliyosemwa kikao kilichopita na yalipofikia, pamoja na yale yaliyoshindikana: "Zamu za usiku hazijabadilika. Sababu ni upungufu wa wauguzi wawili, tumeandika kwa mkurugenzi, barua iko ubaoni, na tutalirudia jambo hili tarehe mosi." Jibu la hapana lenye sababu na tarehe watu wanalipokea. Na hiyo tarehe mosi ikifika, lirudieni.