Minofu ya samaki ya kuoka: tatizo si oveni, ni ndimu

Katika kazi yangu ya ushauri wa lishe hapa Mtwara, malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu samaki wa kuoka ni kwamba minofu hutoka mikavu, michachu kwa nje na isiyo na ladha kwa ndani. Wengi huilaumu oveni. Mimi huuliza kwanza samaki alilazwa kwenye ndimu kwa muda gani, na mara nyingi huambiwa kwamba alikaa tangu asubuhi.

Asidi ya ndimu huibadilisha protini ya samaki kwa namna inayofanana na moto: nyama iliyokuwa ang'avu hugeuka nyeupe, hukaza na kuachia maji yake, kwa hiyo mnofu uliokaa humo kwa saa nyingi huingia jikoni ukiwa umekwisha kupoteza kile ambacho tungetaka kibaki ndani. Nyama ya ng'ombe huvumilia kulazwa usiku kucha kwa sababu ina nyuzi ngumu zinazohitaji kulainishwa. Samaki hana haja hiyo. Aidha, weupe huo usimdanganye mtu akadhani samaki ameiva, kwani ndimu haiui vimelea na bakteria kama moto unavyoua.

Kwa kilo 1 ya minofu ya changu au kolekole, yenye unene wa sentimita 2 hivi, mimi hutwanga vitunguu saumu na kipande cha tangawizi, nikachanganya na pilipili manga, binzari kidogo, vijiko 2 vikubwa vya mafuta na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Chumvi hiyo ni takribani gramu 6, nayo hugawanywa kwa walaji watano au sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, na ugali na mboga navyo huja na chumvi yao. Mchanganyiko huo unaweza kukaa na samaki kwenye friji kwa saa moja au mbili. Ndimu huiongeza mwishoni, nusu tu, dakika 15 kabla ya kuoka.

Kwa nguru na jodari nina sharti moja zaidi: nunua waliokuwa kwenye barafu tangu walipovuliwa. Wakikaa kwenye joto, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama, na histamini hiyo haiondolewi kwa kuoka wala kukaanga. Anayeila huweza kuwashwa, kuwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa, akadhani ana mzio wa samaki.

Kabla ya kuoka, mimi hukung'uta viungo vilivyozidi na kukausha uso wa mnofu kwa kitambaa safi, la sivyo samaki atachemka badala ya kuokwa. Oveni iwe imekwisha kupata moto wa nyuzi 200 za Selsiasi, na dakika 12 hadi 15 zinatosha. Mnofu umeiva pale sehemu yake nene inapoachana kwa uma bila kung'ang'ania na haina tena ung'avu wa ubichi. Asiye na oveni apalie mkaa juu ya mfuniko wa sufuria pana, mwingi juu na kidogo chini, kama tunavyooka mikate ya kumimina. Korosho zilizopondwa, ambazo huku kwetu hazikosekani, hunyunyizwa katika dakika 3 za mwisho, maana huungua upesi.

Viungo vilivyobaki kwenye bakuli vimegusa samaki mbichi, hivyo vimwagwe, au vichemshwe sawasawa kabla ya kuliwa. Ile nusu ya ndimu iliyobaki ikamuliwe mezani, juu ya samaki aliyekwisha kuiva.