√50 + √18 si √68

Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaokuja kwangu Buruburu, Nairobi, kwa masomo ya jioni huanza na swali hili: √50 + √18. (Alama √ ni kipeuo cha pili: nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata ile iliyo ndani ya alama.) Wengi huandika √68 kabla sijamaliza kuongea. "Mwalimu, si ni kitu kimoja tu?" Basi washike kikokotoo. √50 ni kama 7.07, √18 ni kama 4.24, jumla 11.31. √68 haifiki hata 8.3.

Kipeuo cha pili kinaelewana na kuzidisha, hakielewani na kujumlisha. √(ab) ni √a × √b, mradi a na b zisiwe hasi. Lakini ukizidisha √a + √b kwa yenyewe, unapata a + b na pia 2√(ab). Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na hakiondoki isipokuwa a au b iwe sifuri. (Mstari ule wa juu ya alama, ulioongezwa na Descartes mwaka 1637, kazi yake ni kuonyesha kipeuo kimefunika nini. Uchoreni ufike mwisho, jamani.)

Dawa ni kutafuta mraba uliojificha ndani ya nambari, yaani nambari kama 9 (3 × 3) au 25 (5 × 5). 50 ni 25 × 2, 18 ni 9 × 2. Tunabaki na 5√2 + 3√2, yaani 8√2, sawa na vile 5x na 3x hujumlishika. Asiyeuona mraba avunje nambari hadi vigawo tasa, vile visivyogawanyika zaidi. Kwa √72: 72 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3, kila jozi inatoa mmoja nje, jibu 6√2. Ukiishia 2√18 hujakosea, ila hujamaliza.

Kwenye herufi kuna mtego zaidi. √(x²) si x kila mara: x ikiwa −5, jibu ni 5.

Na kwa nini 1/√2 igeuzwe kuwa √2/2? Enzi za majedwali ya hesabu, kabla ya vikokotoo, kugawanya 1 kwa 1.41421 kwa mkono kulikuwa adhabu, ilhali 1.41421 kwa 2 ni mara moja. Simu imeiua sababu hiyo, lakini mimi bado nasisitiza, kwa kuwa kuondoa kipeuo chini kunaweza kurahisisha jibu. Chukua 3/(√5 − √2). Zidisha juu na chini kwa √5 + √2. Chini panabaki 5 − 2, yaani 3, inakatana na ile ya juu, na jibu ni √5 + √2.