Ushindi pekee haupimi kazi ya mrushaji wa besiboli
Wafuatiliaji wengi wa besiboli ya Marekani huamini kwamba mrushaji (mchezaji anayemrushia mpigaji mpira) aliyestaafu hupimwa kwa idadi ya mechi alizoshinda, na imani hiyo ina asili yake, kwa kuwa rekodi rasmi huandika ushindi kwa jina lake. Hata hivyo, kwa kawaida mrushaji aliyeanza mechi huandikiwa ushindi pale tu anapomaliza angalau vipindi 5, akatoka timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee baadaye. Wapigaji wenzake wasipofunga, juhudi zake hazimpi chochote. Mwaka 2018 mrushaji mmoja wa New York alishinda mechi 10 tu na kupoteza 9, lakini akatwaa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, kwani katika vipindi 217 alibebeshwa pointi 41 pekee, bila kuhesabu zile zilizotokana na makosa ya wenzake uwanjani. Msomaji anaweza kukagua mwenyewe: azidishe 41 kwa 9, agawanye kwa 217, atapata 1.70, yaani wastani wa pointi kwa vipindi 9 vya mechi kamili. Takwimu za warushaji wa zamani hupatikana mtandaoni bila malipo, nami ningesoma safu ya wastani huo kabla ya ile ya ushindi.