"Jigaweni makundi": sentensi ambayo ningeomba tuiache shule ya kati

Kama unafundisha shule ya kati, yaani watoto wa miaka 11 mpaka 14, kwa kuanzia nina ombi moja tu, acha kusema "haya, jigaweni makundi ya watu wannewanne". Najua inaokoa muda, ila mi ni mshauri wa wanafunzi, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa nyuma ya darasa na kuangalia watoto wanavyoishi wao kwa wao, na hakuna saa ya siku ya shule inayokuonyesha nani anajiona ni mwenzao na nani anajiona mgeni kama zile sekunde chache baada ya hiyo sentensi.

Siku moja angalia macho yao. Ticha hajamaliza hata kusema, tayari wameshatafutana kwa macho na makundi yameshakamilika kabla mtu hajanyanyuka kwenye kiti. Sasa mtafute yule ambaye hakuna aliyemtazama. Hatasimama katikati ya darasa aonekane kakosa, ana mbinu zake huyo, ataanza kuchonga penseli ambayo imeshachongoka, atainamia begi kama anatafuta kitu, ataomba ruhusa aende chooni, na akirudi anamkuta ticha anauliza "nani ana nafasi amchukue fulani?" halafu kundi moja linaangaliana kwanza kabla ya kujibu. Huko kuangaliana ndo kunakoumiza. Darasa zima limeona.

Watu wazima wengi wanasema "ah, huyo mpole tu, anapenda kukaa peke yake". Wapo kweli, na mtoto anayependa utulivu wake aachwe nao. Ila jaribu kumuita uone, anayependa kukaa peke yake ukimuita anakuja, mkimaliza anarudi kwenye kitabu chake roho yake nyeupe, aliyetengwa anashtuka, anageuka kwanza nyuma kuangalia kama kuna mwingine anayeitwa.

Na umri wenyewe ndo huo mbaya. Madarasa ya chini alikotoka alikuwa na mwalimu mmoja anayemjua mpaka jina la mdogo wake, huku anakutana na walimu sita saba kila mtu na kipindi chake, marafiki wa zamani wametawanywa mikondo tofauti, mwili unabadilika, na hapohapo maneno ya wenzake yanaanza kuwa na uzito kuliko ya mtu yeyote nyumbani. Mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake waliliandika hili mwaka 1993, kwamba watoto wa umri huu wanahitaji ukaribu wa watu wazima na nafasi ya kujiamulia mambo yao, sisi ndo kwanza tunawaongezea ukali na kuwapunguzia ukaribu, halafu tunasema ni balehe inawasumbua. Naliona kila mwaka masomo yanapoanza.

Na msidhani ni hisia za kupita. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Kipling Williams, alitengeneza gemu rahisi ya kompyuta ya kurushiana mpira na wachezaji wengine wawili, ukishacheza kidogo wale wawili wanaanza kurushiana wenyewe tu. Basi, ndo hivyo tu, hamna matusi, hamna hata mtu unayemjua, na bado watu wazima wanatoka pale wamenyong'onyea. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na huyohuyo Williams wakachapisha picha za ubongo za watu wakicheza hiyo gemu, na kutengwa kulikuwa kunaamsha sehemu ya ubongo inayohusika pia na uchungu wa maumivu ya mwili. Huyo ni mtu mzima, kwa mpira wa kwenye skrini, kwa dakika chache. We una mtoto wa miaka 12 anayefanyiwa hivyo kila kipindi muhula mzima na watu anaowajua majina, halafu unashangaa hesabu haziingii.

Kwaiyo gawa makundi mwenyewe, uje nayo yameandikwa toka ofisini. Ila kugawa peke yake hakutoshi, manake mtoto anaweza kuwekwa mezani na bado asiongeleshwe, kazi yenyewe inabidi iwalazimishe kuhitajiana. Mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule zilikuwa ndo zimetoka kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, madarasani pakawa hapakaliki, na mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu wakaitwa kusaidia. Hawakuwahubiria watoto kupendana, walibadilisha kazi. Somo linakatwa vipande, kila mtoto kwenye kundi anapewa kipande ambacho wenzake hawana, kwanza anaenda kukaa na wale wa makundi mengine waliopewa kipande kama chake wanakichambua mpaka kieleweke, ndo anarudi kuwafundisha wa kundi lake, na jaribio mwishoni ni la somo zima. Hiyo hatua ya katikati walimu wengi wanaoiga njia hii wanairuka kwa sababu ya muda, naomba msiiruke jamani, ndo inayomuokoa mtoto anayesuasua, bila hiyo anarudi kwa wenzake hana cha kusema na unakuwa umemuaibisha upya mbele ya watu walewale. Ikifanywa vizuri, kumpuuza mwenzio kunakula maksi zako.

Sasa utagawaje kama huwajui. Mi natumia kitu cha zamani sana, daktari wa akili Jacob Moreno alikuwa anakifanya toka miaka ya 1930, kila mtoto kwenye karatasi yake anaandika majina ya watu wawili watatu ambao angependa kufanya nao kazi, we unaenda kuchora mishale peke yako, toka kwa aliyeandika kwenda kwa aliyeandikwa, na hiyo karatasi haionwi na mtoto yeyote. Usiulize kamwe "nani humtaki", ukiuliza hilo wakitoka tu mlangoni wanaanza kuulizana umemuandika nani. Mishale ikishakaa utashangaa, mara nyingi asiyefikiwa na mshale hata mmoja sio mtundu, mtundu ana watu wake, ni yule wa maksi za katikati ambaye hajawahi kuitwa ofisini na hakuna mwalimu mwenye stori yake. Halafu usikimbilie kumuweka na staa wa darasa ukidhani unamsaidia, staa atamvumilia wiki moja yaishe. Angalia yeye alimuandika nani, muweke na huyo, na kama huyo naye ana marafiki wachache ndo vizuri zaidi.

Mapumziko nayo usiyaache wazi kabisa, mtoto asiye na mtu akipewa nusu saa ya "fanya unachotaka" anaenda kujificha chooni, basi mpe pa kwenda, klabu, meza ya gemu, kupanga vitabu na mwenzake, kitu chenye kazi ya mikono ili asilazimike kuanzisha maongezi.

Kitu kingine ni rahisi mpaka watu hawakiamini. Kule Wisconsin, Marekani, Geoffrey Borman na wenzake waliwapa wanafunzi wa darasa la sita waliotoka kuingia shule ya kati mazoezi mafupi ya kusoma na kuandika, ndani yake kuna maneno ya waliowatangulia wanaosema hata mi nilikuwa naogopa, nilidhani ni mi tu, baadaye nikazoea, walimu wakanisaidia. Matokeo yalitoka mwaka 2019, makosa ya nidhamu yalipungua kwa asilimia 34 na alama za kufeli kwa asilimia 18. Mtoto alikuwa anadhani tatizo liko kwake, kumbe ni hali ya kila mtu anayeanza, na akishalijua hilo haitaji kupigana au kutoroka ili ajifiche. Ila haya maneno yana kazi kama ni ya kweli. Ukimwambia walimu watakusaidia halafu hawasaidii, umemdanganya, na umri huu hausahau.

Nidhamu ndo sehemu ambayo shule nyingi zinabomoa walichojenga wenyewe. Unamsimamisha mtoto siku tatu, anarudi, anakaa kwenye kiti chake na hakuna anayesema neno, ticha kaendelea mbele na somo, yeye ameshapata jibu kuhusu anavyohitajika pale. Jason Okonofua, David Paunesku na Gregory Walton walifanya utafiti California, shule 5 za kati, walimu wa hesabu wakapitishwa kwenye zoezi fupi la mtandaoni la kuutazama utovu wa nidhamu toka upande wa mtoto na kulinda uhusiano hata wakati wa kuadhibu, na wanafunzi waliosimamishwa angalau mara moja kwa mwaka wakawa asilimia 4.8, wakati kwenye kundi la kulinganishia walikuwa 9.6. Adhabu haikufutwa. Kwaiyo siku anayorudi, kabla ya kengele, mtu mzima mmoja akae naye amwambie yaliyopita yamekwisha, tumefika ukurasa huu, na hivi ndo utakavyofidia kazi.

La mwisho linaniuma sana, watoto wenye ulemavu. Shule inasema ni jumuishi kwa sababu yuko darasani na ana msaidizi wake, nenda kaangalie, msaidizi kakaa ubavuni mwake kutwa nzima, kwenye kazi za kundi yeye ndo anajibu, watoto wakitaka kumuuliza kitu wanamuuliza msaidizi. Michael Giangreco na wenzake walilionyesha hili mwaka 1997, ukaribu wa kupitiliza wa mtu mzima unakuwa ukuta kati ya mtoto na wenzake, na nani wa miaka 12 ataleta umbea mbele ya mtu mzima? Msaidizi asogee. Awe wa meza nzima, asaidie wote, amrudie yule pale kazi inapomshinda, mapumziko akae mbali kiasi cha kuona bila kusikia, na hayo yaandikwe kwenye mpango wa mtoto ili yasitegemee nani yuko zamu siku hiyo.