Aliyeanguka kwenye mruko mgumu akatwe kiasi gani?

Kila msimu wa mashindano ya kuteleza kwenye barafu naulizwa swali lilelile: mbona aliyeanguka amempita aliyetua salama? Nimekaa kwenye jopo la ufundi miaka mingi, na huwa naanza kujibu kwa hesabu.

Chukua Lutz ya mizunguko minne (Lutz, Salchow na Axel ni aina za miruko). Thamani yake ya msingi, yaani alama za mruko kabla ubora haujahesabiwa, ni 11.50. Mtelezaji akikamilisha mizunguko yote kisha akaanguka, majaji humpa -5 za ubora, ngazi ya chini kabisa, na kila ngazi chini ya sifuri hula asilimia 10 ya thamani ya msingi. Zinabaki 5.75. Ondoa alama 1 ya kuanguka, anabakiwa na 4.75. Mwenzake aliyeruka Salchow ya mizunguko mitatu akatua sawasawa, bila nyongeza ya ubora, ana 4.30.

Wengi hukasirika hapo. Mimi huona kwamba kuzunguka mara nne hewani, kwa muda usiofika sekunde moja, ni kazi inayostahili malipo hata kama mguu umeteleza mwishoni. Kinachoniuma ni ile alama 1. Kwa watu wazima, kuanguka kwa kwanza na kwa pili hukatwa alama 1 kila mara, mruko uwe mkubwa au mdogo. Aliyeanguka kwenye Axel ya mizunguko miwili, yenye thamani ya 3.30, hubakiwa na 0.65, yaani moja ya tano tu. Yule wa Lutz amebakiwa na zaidi ya asilimia 40. Wote wamegonga barafu, wote wameupoteza muziki, lakini mwenye mruko mdogo ndiye aliyelipa zaidi.

Ningeifuta alama hiyo, na kuanguka kukate asilimia 65 ya thamani ya mruko kwa mkupuo mmoja. Lutz ile ingebaki na takriban 4.03, chini ya Salchow safi. Axel ndogo ingebaki na 1.16 hivi.

Kwa mizunguko isiyokamilika nisingegusa kitu. Ikipungua zaidi ya robo ya mzunguko, mruko hulipwa asilimia 80. Ikipungua nusu au zaidi, huhesabiwa kama mruko wa mzunguko mmoja chini. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2022, Mjapani Yuzuru Hanyu alijaribu Axel ya mizunguko minne, haikukamilika, akaanguka: 12.50 ikawa 10.00, kisha 5.00, na alama 1 ikaondolewa juu yake. Alimaliza wa nne.

Wanaotaka aliyeanguka apate sifuri wakumbuke Olimpiki ya Vancouver 2010. Mmarekani Evan Lysacek alichukua dhahabu bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, Mrusi Evgeni Plushenko aliyeutua akabaki na fedha, tofauti ikiwa alama 1.31. Hapo kutojaribu kulilipa. Baadaye thamani za miruko hiyo zilipandishwa, watelezaji wakaifuata, wakaanguka sana mazoezini na mashindanoni, na Septemba 2022 Mmarekani Ilia Malinin akaitua Axel ya mizunguko minne.