Betri ya moyo si dalili kwamba moyo umekufa

Mtu akirudi Mbeya kutoka Dar es Salaam na kovu la upasuaji wa vali (mlango wa damu moyoni), kisha ikajulikana amewekewa na betri ya moyo, maneno huanza: moyo wake umekufa, sasa unaendeshwa na mashine. Wengine huongeza kwamba madaktari waliharibu. Imani hii ya miaka mingi inawaumiza wagonjwa bure.

Moyo una umeme wake wenyewe. Huanzia chumba cha juu cha kulia, ukashukia vyumba vya chini kwa njia nyembamba inayopita jirani kabisa na vali ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Vali mpya ikishonwa pale, nyama ya jirani huweza kuvimba na kuibana njia hiyo. Umeme huchelewa au haufiki, mapigo hushuka, mgonjwa hupata kizunguzungu au kuzimia. Hutokea hata upasuaji ukifanywa vizuri, ndiyo maana waya za muda za kuupa moyo umeme huachwa kwenye moyo kabla kifua hakijafungwa. Mara nyingi uvimbe hupungua baada ya siku chache, waya zikatolewa. Njia isipopona, ndipo kifaa cha kudumu, yaani betri ya moyo, huwekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga.

Kifaa hicho hakisukumi damu hata tone. Hutoa umeme kidogo tu. Misuli ya moyo, iliyo hai, ndiyo inayojikaza. Arne Larsson wa Sweden, wa kwanza kupandikizwa kifaa hicho mwaka 1958, aliishi hadi 2001.

Shambani Tukuyu mgonjwa atarudi, daktari akisharuhusu. Asiache kliniki tu, maana betri huisha baada ya miaka kadhaa na kifaa hubadilishwa.